Kona ya Chini, Kushoto

Kibanda cha Mbwarali kilikuwa Mtopanga, nyuma ya kinu cha posho,
mabati matupu, pazia la gunia, kiingilio shilingi kumi.
Sikuwa nazo.
Mamangu aliuza mbaazi na mahamri,
na kila kumi yake ilikuwa na kazi kabla yangu.

Basi nikajifunza sinema kwa masikio.
Nilikaa kwenye kokoto, kisogo kwenye bati la moto.
Nikisikia mlango, najenga nyumba.
Nikisikia kwato, namtia punda wa maji,
kwani farasi sikumjua;
mashujaa wangu wote walipanda punda.
Na Mbwarali akifasiri Kihindi apendavyo:
"Amwambia, nipe haki yangu!"
hata pale mtu alipokuwa anaimba.

Halafu nikapata tundu la msumari.
Chembe ya mtama ingeliziba.
Jicho likitulia pale lilipata kona moja ya televisheni,
ya chini, kushoto,
na katika kona ile hakupita uso hata mmoja.
Ilipita miguu.

Nikawajua watu kwa kukanyaga kwao.
Mwoga hutanguliza vidole.
Mwongo hugeuza kisigino kabla hajaaga.
Na jioni moja vikapita viatu vyekundu vya kike,
kimoja kimekatika kamba.
Vikasimama.
Vikangoja.
Stima ikapotea hapo hapo,
watu wakapiga kelele warudishiwe kumi zao,
na mimi, ambaye sikutoa kitu,
nikawa na deni kubwa kuliko wote.

Miaka kumi na mitano.
Nikaipata filamu ile kwenye laptopu ya Shee,
nikaitazama nzima, kona zote nne.
Alikuwa mtumishi.
Alileta chai, akapita mara mbili, hakusema neno.
Uso wake ulikuwa nyuma ya nguzo.
Majina yalipopanda mwishoni, na ya madereva yakiwemo,
lake halikupanda.
Saa mbili na nusu za vita na mapenzi ya watu wengine!

Sasa ni Jumanne, saa kumi na mbili unusu asubuhi, nyuma ya soko la Kongowea.
Simu ni ya kuazima, ina ufa kiooni.
Shee ameshika sinia la pilau la harusi ya dadake,
analigeuzageuza kuliokota jua na kulitia usoni pa Kadzo.
Viatu ni vya mitumba, mia na hamsini;
vilikuwa vyeupe, vikala chupa tatu za rangi ya kucha.

"Nenda," nasema. Kadzo aenda.
Lori la vitunguu lapiga honi. Tena.
"Nenda." Kijana wa mkokoteni aitumbulia kamera macho, meno yote nje. Tena.
"Nenda." Askari wa kaunti:
"Kibali kiko wapi?"
Shee amwonyesha sinia. "Twapeleka pilau, afande."
"Pilau yenyewe?"
"Ndiyo twaifuata."
Akacheka mpaka kofia ikasogea. Akatuachia dakika tano.

Mara ya saba Kadzo hakungoja kuambiwa.
Akasimama mbele ya duka lililofungwa,
akainama, akaifunga kamba kwa uzi wa gunia aliouokota chini,
jambo ambalo sikumwandikia,
kisha akainua uso.

Nikasahau kusema basi.

Usiku nazima picha, nabaki na sauti:
ufagio, kwato, uzi ukikazwa.
Nikifumba macho nikamwona bado, kipande hukaa.
Nisipomwona, nakata, hata kama jua lilikuwa zuri.

Mama ametazama mara moja, miwani puani.
"Huyu aenda wapi?"
Sijui, mama. Sijafika.
"Basi mfuate. Usimwache hapo mlangoni, watu watamsema."
Akanyamaza. Akarudisha nyuma kwa kidole chenye unga.
"Na vile viatu, mkimaliza navyo,
nipa mimi."